Katriji ya Game Boy, orijino au feki? Mwongozo kamili wa kuikagua kuanzia lebo hadi bodi

Picha ninayotumiwa kuliko zote ni ya lebo. Imepigwa kwa karibu, mwanga mzuri, na chini yake swali moja: hii ni orijino? Jibu langu huwa halifurahishi, kwa sababu mara nyingi ni "sijui". Hakuna kitu rahisi kughushi kama lebo, na hata katriji halali iliyochakaa watu huibandika lebo mpya. Ninachotaka kuona ni bodi ya ndani, yaani kibao kinachobeba chipu. Kama bodi haionekani, basi nataka kujua gemu inasevu vipi.

Mwongozo huu unahusu katriji za mashine za gemu za mkononi za Nintendo: Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance, na mwishoni kadi za DS. Mifano mingi ni ya Pokémon, maana hizo ndizo zinazoghushiwa kupita kiasi.

## Vifaa

- Bisibisi ndogo ya meno matatu, yenye ncha kama herufi Y, kwa katriji za Game Boy Advance.
- Kichwa cha bisibisi cha milimita 3.8 chenye tundu katikati, kwa katriji za Game Boy na Game Boy Color. Skrubu zake zina kichwa cha duara chenye meno pembeni, kwa hiyo bisibisi ya kawaida haizishiki.
- Lenzi ya kukuzia. Kamera ya simu inayokaribia vizuri nayo inatosha.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na vijiti vya pamba.
- Katriji moja ambayo una hakika ni orijino, hata kama ni ya gemu isiyo na thamani. Hii itakusaidia kuliko vifaa vingine vyote, kwa sababu jicho hujifunza kwa kulinganisha.

Usijaribu kufungua skrubu kwa koleo au kisu. Utaharibu kichwa cha skrubu, na mnunuzi wa baadaye atadhani wewe ndiye uliyechezea katriji.

## Kuwaka si ushahidi

"Lakini inawaka, na neno Nintendo linatokea." Sentensi hii nimeisikia mno.

Game Boy inapowashwa, husoma nembo ya Nintendo kutoka kwenye katriji na kuilinganisha na nakala iliyomo ndani ya mashine. Zikitofautiana, mashine inagoma kuendelea. Game Boy Advance nayo inaitaka nembo hiyo kwenye katriji zake. Maana yake ni kwamba kila katriji feki inayofanya kazi lazima iwe imenakili nembo hiyo bila kukosea. Neno lile kwenye skrini linakuambia tu kwamba aliyeghushi anaijua kazi yake.

## Hatua ya 1: Jua katriji ilipaswa kuwaje

Fanya hivi kabla hujamtafuta muuzaji. Andika mambo matatu: msimbo wa gemu, rangi ya ganda, na kazi ya betri.

Msimbo. Upo kwenye lebo, kwa maandishi madogo. Herufi tatu za mwanzo ni jina la kiwandani la mashine: DMG kwa Game Boy, CGB kwa Color, AGB kwa Advance, NTR kwa DS. Kwenye gemu za orodha hii, herufi nne zinazofuata ni za gemu yenyewe, na ya mwisho kati ya hizo hutaja soko: E ni Marekani, P ni Ulaya, J ni Japani. Kwa matoleo ya Marekani ya gemu za Pokémon, hii ndiyo orodha ninayoitumia zaidi:

- Gold: DMG-AAUE-USA
- Silver: DMG-AAXE-USA
- Crystal: CGB-BYTE-USA
- Ruby: AGB-AXVE-USA
- Sapphire: AGB-AXPE-USA
- FireRed: AGB-BPRE-USA
- LeafGreen: AGB-BPGE-USA
- Emerald: AGB-BPEE-USA

Rangi. Gold ina ganda la dhahabu na Silver la fedha. Ruby, Sapphire, Emerald, FireRed na LeafGreen zina maganda ya rangi yanayopitisha mwanga. Ukiona Emerald ya kijani kizito kisichoonyesha chochote ndani hata ukiimulika, shaka yako ianzie hapo.

Betri. Wengi huteleza hapa, kwa hiyo soma taratibu. Katika Red, Blue, Yellow, Gold, Silver na Crystal, betri ndiyo inayotunza sevu. Ikifa, sevu inapotea kweli, hata kwenye orijino. Katika Ruby, Sapphire na Emerald, betri ni ya saa tu. Sevu imo kwenye chipu ya flashi isiyohitaji umeme kukumbuka. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa.

Ukiyashika hayo matatu, nusu ya visingizio vya wauzaji vinajifia vyenyewe.

## Hatua ya 2: Omba picha nne kabla ya kulipa

Mbele, nyuma, upande wa chini unaoonyesha pini, na bodi ikiwa nje ya ganda. Picha ya nne wengi wataikataa wakisema hawana bisibisi. Hilo linaweza kuwa kweli, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa hilo peke yake. Ila ya pini haihitaji kifaa chochote. Anayekataa kugeuza katriji na kuipiga picha chini ana sababu yake.

Angalia pia kama picha ni za katriji ileile. Mkwaruzo ulioko mbele kushoto uonekane kwenye kila picha inayopaswa kuuonyesha.

Umefaulu ikiwa msimbo unasomeka, skrubu inaonekana, na pini zimetoka vizuri pichani.

## Hatua ya 3: Ganda na skrubu

Ishike mkononi. Plastiki ya orijino imekatwa safi: mstari wa kuunganisha nusu mbili hauna vijibonde wala mabaki makali. Maandishi yaliyoinuka juu ya ganda, kama Nintendo GAME BOY kwenye zile za zamani au GAME BOY ADVANCE kwenye zile ndogo, yana kingo zilizo wazi na nafasi sawa kati ya herufi. Feki nyingi hupata herufi zilizo nyembamba mno, au zilizovimba kama zimelowa.

Geuza nyuma utazame skrubu. Ukikuta ya msalaba wa kawaida, mtu ameibadilisha au katriji ni feki. Ukikuta ya meno matatu usishangilie bado, kwani waghushi nao wanainunua.

Kuna jambo dogo linalowapita wengi. Katriji za Game Boy ya kwanza zina pengo kwenye kona moja ya juu, ambamo swichi ya kuwashia mashine huingia na kuifunga katriji isichomolewe ikiwa inafanya kazi. Katriji zilizotengenezwa kwa Color pekee, kama Crystal, hazina pengo hilo. Crystal yenye pengo imevishwa ganda lisilo lake.

Hilo linatufikisha kwenye onyo. Ganda feki halithibitishi kwamba bodi ni feki. Watu huvisha bodi halali ganda jipya kwa sababu la zamani lilipasuka. Kinyume chake pia hutokea: bodi feki ndani ya ganda halali la gemu ya bei nafuu. Katriji orijino ni ile yenye bodi orijino, kwa hiyo ganda lichukulie kama nguo tu.

## Hatua ya 4: Lebo, kwa mwanga wa pembeni

Kwanza linganisha msimbo na ule ulioandika. Feki za kivivu huwa na msimbo wa gemu nyingine kabisa, na hapo kazi imekwisha.

Kisha zima taa ya chumba, washa tochi, na ulaze mwanga wake sambamba na lebo badala ya kuimulika kutoka juu. Inamisha katriji polepole. Kwenye orijino nyingi utaona tarakimu mbili, mara nyingine zikifuatwa na herufi moja, mfano 22A, zimegandamizwa kwenye karatasi ya lebo. Hazina wino, ni kivuli tu. Ukiangalia chini ya taa ya kawaida unaweza kumiliki katriji miaka kumi usizione.

Alama hiyo huwa hafifu, na lebo iliyochakaa huweza kuipoteza. Siku hizi kuna feki zinazoigandamiza pia. Muuzaji akiwa na katriji tano za gemu ileile, zitazame zote: nimewahi kukuta tano zenye tarakimu zilezile, mahali palepale, kama mhuri wa ofisi.

Sasa weka lenzi. Lebo nyingi feki zimechapwa kutoka picha ya lebo nyingine, na nakala ya nakala hupoteza maandishi madogo kwanza. Tazama muhuri wa Nintendo na mistari ya hakimiliki. Kwenye orijino herufi ni ndogo lakini zina mwili, na matundu ya "e" na "a" yako wazi. Kwenye feki matundu yameziba kwa wino.

Umefaulu ikiwa msimbo ni sahihi, herufi ndogo zinasomeka chini ya lenzi, na lebo imekaa sawasawa kwenye kitako chake. Hata hivyo usitoe hukumu bado.

## Hatua ya 5: Chungulia pini

Katriji ya Game Boy Advance ina zawadi ambayo haihitaji bisibisi. Elekeza mdomo wake kwako, umulike ndani, na utazame bodi juu kidogo ya safu ya pini za dhahabu. Kwenye orijino tarajia kuona neno Nintendo kwa herufi ndogo. Kwenye feki nyingi mahali hapo ni patupu.

Kama pini ni chafu, zisafishe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, kisha uache zikauke kabisa kabla ya kujaribu. Spiriti isifike kwenye lebo kwa sababu inayeyusha wino. Na kupuliza kwa mdomo acha. Unaongeza unyevu tu kwenye chuma.

## Hatua ya 6: Fungua utazame bodi

Hapa ndipo ukweli ulipo. Gusa kwanza chuma kikubwa ili kuondoa umeme tuli mwilini. Toa skrubu, weka kwenye kifuniko cha chupa isipotee, kisha sogeza nusu ya ganda taratibu hadi ndoano za ndani ziachie. Ikigoma usibandue kwa kisu. Irudishe, ujaribu kuisogeza upande wa pili.

Tafuta haya, kwa mpangilio huu.

Jina na namba ya bodi. Bodi halali ina neno Nintendo na namba inayoanza na DMG, CGB au AGB. Bodi feki huwa haina jina, au ina namba fupi isiyoeleweka.

Msimbo kwenye chipu. Chipu kubwa inayobeba gemu huandikwa msimbo uleule wa lebo. Kwenye Gold ya Marekani utakuta DMG-AAUE. Lebo na chipu zikisema kitu kimoja, umepata ushahidi ambao lebo pekee isingekupa kamwe. Zikitofautiana, mtu amehamisha lebo.

Tarehe. Chipu za enzi za Game Boy mara nyingi zina tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. 9838 ni wiki ya 38 ya 1998. Red na Blue zilitoka Marekani Septemba 1998, Gold na Silver Oktoba 2000. Chipu inayodai kuzaliwa miaka mingi baada ya gemu kuacha kutengenezwa haina maelezo mazuri.

Donge jeusi. Feki nyingi za bei ya chini zina tone la gundi nyeusi, kama lami iliyodondoka, pale ambapo chipu ingekaa. Katika gemu za Pokémon nilizozitaja, ukiona donge hilo funga ganda urudishe.

Betri. Kumbuka ulichoandika hatua ya 1. FireRed yenye betri ni feki. Gold, Silver na Crystal hubeba CR2025, Ruby, Sapphire na Emerald hubeba CR1616. Betri ya kiwandani imeshikwa kwa vibati vya chuma vilivyochomelewa juu yake, na vibati hivyo ndivyo vilivyolehemiwa kwenye bodi. Betri iliyofungwa kwa utepe, au yenye solda iliyomwagika, inaweza kuwa imebadilishwa na fundi mwenye haraka. Kwa katriji ya zamani hilo ni jambo la kawaida, kwa hiyo hesabu kama swali, isiwe hukumu.

Kazi ya solda. Orijino imelehemiwa na mashine. Kila mguu wa chipu una kiasi kilekile cha solda, na bodi haina mabaki ya kunata. Alama za vidole za rangi ya kahawia, miguu iliyopinda na solda ya vibonge ni kazi ya mkono.

Wengine huuliza kwa nini tusumbuke, mradi gemu inachezeka. Sababu moja ni ya umeme. Game Boy hupeleka volti 5 kwenye katriji, na feki nyingi hutumia chipu za flashi zilizoundwa kwa volti 3.3 bila kuweka chochote katikati cha kuzilinda. Zinafanya kazi, ila zinafanya kazi zikiumia.

Usiguse betri ya Gold, Silver au Crystal ukiwa unachunguza. Ikiachia hata kwa sekunde chache, sevu ya mwenyewe imekwenda.

## Hatua ya 7: Jaribu kusevu

Emerald yangu ya kwanza ilikuwa feki, na sikujua kwa miezi. Ilisevu vizuri kila jioni. Asubuhi moja niliwasha nikakuta gemu mpya, bila hata jina langu. Niliporudi kwa muuzaji alinijibu kwa upole kwamba betri imekufa, mambo ya uzee. Nikamwamini, nikamshukuru, nikaondoka. Leo najua kwamba Emerald halali yenye betri iliyokufa huonyesha ujumbe unapoanza, ukisema betri imekwisha na matukio ya saa hayatatokea tena, kisha inaendelea kusevu kama kawaida. Katriji yangu ilikuwa inatunza sevu kwa betri, jambo ambalo Emerald haifanyi.

Fanya hivi:

1. Anza gemu, cheza hadi uweze kusevu, sevu, zima.
2. Chomoa katriji, iache nje ya mashine usiku mzima. Kuzima na kuwasha papo hapo hakutoshi, kwa sababu chipu dhaifu inaweza kukumbuka kwa muda mfupi.
3. Washa kesho yake. Sevu iwepo.
4. Kama muuzaji amekubali muda zaidi, rudia baada ya wiki.

Kwenye FireRed, LeafGreen na Emerald, kuna ujumbe wa kosa unaolalamika kwamba bodi ndogo ya 1M haijafungwa. Gemu inatafuta chipu ya flashi ya megabiti 1 na haiioni. Safisha pini ujaribu tena. Ujumbe huo ukirudi, karibu kila mara ni feki. Feki nyingine hupita hapo, kisha hukwama gemu inapojaribu kusevu baada ya kumshinda bingwa wa mwisho wa gemu, yaani baada ya makumi ya saa. Ukipewa katriji yenye sevu iliyokwisha pita hapo, hiyo ni dalili njema.

Usichanganye feki na kasoro za gemu yenyewe. Ruby na Sapphire halali zina hitilafu maarufu ya saa: baada ya takriban mwaka mmoja matunda yaliyopandwa huacha kukua kwa muda mrefu ingawa betri ni nzima. Hiyo ilitoka nayo kiwandani.

## Hatua ya 8: Iunganishe na DS

Ukiwa na DS au DS Lite, una kipimo kikali. Weka Ruby, Sapphire, Emerald, FireRed au LeafGreen kwenye tundu la chini, na Diamond, Pearl au Platinum kwenye tundu la juu, zote za lugha moja. Baada ya kufikia hatua inayotakiwa kwenye gemu ya DS, menyu ya mwanzo huonyesha chaguo la kuhamisha Pokémon kutoka katriji ya chini. Feki nyingi hazitambuliwi hapo, kwa sababu gemu ya DS inasoma chipu ya sevu moja kwa moja. DSi haina tundu la chini, kwa hiyo usihangaike nayo.

Wenye kifaa cha kusomea katriji kwenye kompyuta wanaweza kuchukua nakala ya gemu na kulinganisha alama yake ya hesabu (checksum, namba inayokokotolewa kutoka data yote ya gemu) na iliyorekodiwa kwa toleo hilo. Isome mara mbili baada ya kusafisha pini. Isipolingana, gemu imebadilishwa, mara nyingi ili isevu kwa njia ya chipu rahisi. Ikilingana, hujathibitisha kitu bado, kwa sababu feki inaweza kubeba nakala kamili.

## Kadi za DS

Hizi usizifungue, hazina skrubu na ganda halirudi vizuri. Tazama mambo mawili.

La kwanza ni nyuma ya kadi. Kuna mstari wa herufi na tarakimu, na nne za mwanzo zinapaswa kuwa herufi nne za msimbo wa mbele. HeartGold ya Marekani ni NTR-IPKE-USA, kwa hiyo nyuma ianze na IPKE. SoulSilver ni IPGE.

La pili ni mwanga. HeartGold, SoulSilver, Black na White zina kifaa cha infraredi ndani ya kadi yenyewe, na plastiki yake imetengenezwa ili kukipitishia miale. Kwa macho inaonekana nyeusi. Iweke mbele ya tochi kali na itang'aa wekundu uliofifia. Feki hubaki giza au kijivu. Kwa HeartGold na SoulSilver, jaribio la mwisho ni Pokéwalker, kifaa kidogo cha kuhesabu hatua kilichouzwa pamoja na gemu hizo: ikiwa kadi haina infraredi, kifaa hicho hakitaunganishwa kamwe, hata DS iwe nzima kiasi gani.

## Ikiwa ni feki

Piga picha kabla ya kufunga: bodi na lebo kando kando, kwenye picha moja, ili muuzaji asiseme umebadilisha bodi. Piga nyingine ya msimbo wa chipu, au ya mahali ulipopaswa kuwa. Tuma hizo pamoja na sentensi fupi inayotaja kasoro moja isiyopingika, kwa mfano "FireRed haina betri, hii ina betri". Orodha ya kasoro kumi humpa mtu nafasi ya kubishana na ile dhaifu.

Ukiamua kubaki nayo kwa ajili ya kuchezea, andika neno FEKI kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya ganda na juu ya bodi, kisha kaza skrubu kwa vidole viwili tu.